Mabakuli ya Rangi ya Waridi

Mwamvita angeweza kumvumilia mke mwenzake Mariamu kwa yote, isipokuwa yale mabakuli. Kwa macho yake alimwona mume wao, Bashiri, akiyanunua sokoni Bukoba: ya plastiki, rangi ya waridi, yenye mifuniko. Kwake hayakufika. Yamekwenda wapi basi, kama si nyumba ya pili? Yeye akabaki na sufuria jeusi na majani ya mgomba, roho ikimuuma.

Joviana, mtafiti wa afya, alipokuja kijijini kwao Nyanga kutafuta watu wa kupimwa mkojo, Mwamvita alikuwa wa kwanza kupokea chupa. Joviana alieleza kwamba chakula cha moto kikitiwa kwenye plastiki hunyonya kemikali kidogo mno, nazo huonekana kwenye mkojo kesho yake. Ndiyo maana chupa zilikuwa za kioo. Mwamvita nusura apige vigelegele. Sasa itajulikana nani anamlisha Bashiri sumu!

Bashiri, mchuuzi aliyefuata samaki Muleba, alicheka tu. Akatoa mkojo siku za zamu ya Mwamvita, akatoa na siku za Mariamu. Mariamu naye akapokea chupa yake.

Majibu yalichelewa sana kurudi kutoka Ulaya. Joviana alitaka kuongea na kila mtu peke yake.

"Soma hapa hapa," alisema Bashiri. "Mimi na wake zangu hatuna siri."

Joviana akasoma. Mwamvita, karibu hakuna kitu. Bashiri, kemikali nyingi, zamu zote mbili.

"Umeona!" Mwamvita alifoka. "Hata siku yangu unaanza kula kwake! Ndiyo maana kwangu unamega matonge mawili, umeshiba!"

"Mama, subiri," alisema Joviana. "Mariamu naye karibu hana kitu."

Mariamu akamgeukia Mwamvita. "Dada, kwangu hakuna plastiki. Na kwangu pia huja ameshiba. Mimi nilidhani ni mapishi yako."

Bashiri akakumbuka ghafla kwamba ameacha samaki juani. Hakuna aliyemzuia.

Basi mabakuli yalikuwa nyumba ya tatu. Wivu wa Mwamvita ulitafuta pa kushika, ukakosa, ukageuka hofu. Miaka ile Ukimwi ulikuwa ukizika vijana kila wiki, na kila mke alijua unavyoingia nyumbani. Akamshika Mariamu mkono, kwa mara ya kwanza tangu mwenzake huyo aolewe.

"Joviana, mwanangu," alisema, "mkojo umetosha. Tupeleke sote wawili tukapime damu."