Injinia Haitiki

Mwaka 1998 Badru, fundi wa kompyuta wa Temeke, alileta nyumbani kompyuta mbili chakavu akaziunganisha kwa waya. Mkewe Rukaiya alikuwa akiandika sebuleni hadithi za marehemu mama yake, lakini zote zilihifadhiwa kwenye diski ya kompyuta ya chumbani.

Jumamosi moja asubuhi, kompyuta ya sebuleni ikadai kwamba ya chumbani haipo. Rukaiya akaingiwa na hofu. Hadithi thelathini, na aliyezisimulia hayupo tena.

"Waya tu huo, Mama Raudha," alisema Badru. Akabadilisha waya, akazima, akawasha. Akaingia mvunguni mwa meza, akatoka na utando wa buibui kichwani. Ikafika adhuhuri bila nafuu.

Rukaiya akaenda chumbani mwenyewe. Hadithi zilikuwamo zote, roho ikamtulia. Ndipo akaliona jina la kompyuta kwenye kioo.

"Baba Raudha, hii si ilikuwa ikiitwa Chumbani? Mbona sasa inaitwa Injinia?"

Badru akajikohoza. "Nilibadilisha jana. Kazini wameanza kuniita hivyo."

"Basi mwenzake wa sebuleni anamwita Chumbani tangu asubuhi, na mheshimiwa haitiki jina la zamani."

Badru akalirudisha jina, na sebuleni hadithi zikafunguka. Rukaiya akampakulia wali.

"Karibu chakula, injinia," alisema, na Badru akacheka mpaka akapaliwa.