Jioni ya Shefu Muyisa

Haya, wewe unayesikiliza, nakutegea: asubuhi nilimbeba begani, jioni akanibeba yeye. Ni nani? Usikimbilie kujibu. Kuna mtu mzima aliyebaki na kitendawili hicho miaka na miaka, na hakuwa mjinga.

Aliyemtegea ni Kanyere, muuza sombe, majani ya muhogo, wa Bulengera, hapa Butembo. Siku hizo Muyisa alikuwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, kijana mwembamba mwenye shati moja tu la kupiga pasi. Ilikuwa Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja, na yeye na wanaume wenzake walikuwa wanapeleka gogo la mkalitusi mtoni kutengeneza daraja. Kanyere akamtegea palepale, gogo likiwa begani. Watu wakacheka mpaka gogo likayumba.

"Umeshindwa, Shefu. Nipe muji."

"Muji sikupi, Mama Kanyere. Nitajibu."

Lakini saa sita komine, ofisi ya tarafa, ilimwita. Akanawa matope, akaenda. Ndivyo ilivyokuwa kila salongo: asubuhi yuko, jioni hayuko. Watu walimpenda hivyohivyo. Komine ikampandisha, meri, ofisi ya meya, ikamchukua, mwisho kura zikamfanya depite, mbunge wa jimbo. Siku ile Bulengera nzima ilimbeba mabegani mpaka kwake, kiatu kimoja kikamdondoka njiani. Kanyere alikiokota, akakiweka juu ya kabati.

Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, ofisi za jimbo zikahamia Beni. Muyisa naye akahamia, akapanga chumba, akangoja kuitwa kikao. Kila asubuhi alivaa kostimu, koti na tai. Kikao hakikuitwa.

Ndipo mvua ikalibeba daraja. Watoto wa shule wakawa wanazunguka mbali, na kila jirani alimngoja mwenzake aite salongo. Kanyere alizikumbuka zile Jumamosi, nyimbo zake na bugali ya sahani moja, moyo ukamuuma. Alijua watu wangetoka kwa sauti ya mtu mmoja tu. Akatia kile kiatu kikapuni, akapanda gari la Beni.

Alimkuta Muyisa mlangoni, amefunga tai, hana pa kwenda.

"Shefu, daraja imeenda na maji. Kuya utuitie batu Jumamosi."

"Mama, mimi sasa ni depite. Kazi yangu ni kupigia barabara kura, hapana kubeba miti. Na wakiita kikao, niko Butembo?"

"Bataita?"

Kanyere akatoa kiatu, akakiweka mkononi mwa Muyisa.

"Siku tulikubeba, hatukuuliza kama kikao kitaitwa. Sasa jibu kitendawili yangu, ao unipe muji."

Alikigeuzageuza kile kiatu. Kanyere akarudi nyumbani, njia nzima akihofu kwamba amemchoma bure.

Jumamosi alfajiri akasikia mtu anagonga milango ya jirani na kuwaita kwa majina. Alikuwa Muyisa, suruali ya kostimu ameikunja magotini.

"Onorabule anatuamusha sawa polisi," mzee Josaphat akanung'unika, lakini jembe lilikuwa tayari mkononi.

Watu wakatoka. Gogo likapanda mabegani. Bega la Muyisa halikuwa lile la zamani. Akapumzika, akapumzika tena.

"Shefu, hii haiko kalamu," wakamtania.

Saa sita ikafika. Kanyere akamwangalia, maana huu ndio muda aliozoea kuwaacha. Simu ikakaa kimya mfukoni mwake. Hakuna aliyemwita popote. Akanawa, akaketi, akamega bugali kwenye sahani ya wote, kisha akarudi kwenye matope.

Jua likielekea kuzama, ubao wa mwisho ulipigiliwa. Kanyere akajitwika beseni la sombe.

"Pita mbele, Shefu."

Muyisa akakanyaga polepole. Katikati akasimama. Chini yake maji yalikimbia, rangi ya chai, na gogo halikutikisika. Akainama, akaligusa kwa kiganja, kama mtu anayemsalimu ndugu waliyepoteana naye.

"Mama Kanyere," akasema bila kugeuka, "muji sikupi. Ni muti ya daraja."