Fungu la Mzee Zefania

Pande la nyama lilikuwa sahanini, na macho ya wote sebuleni yalikuwa kinywani mwa Mzee Zefania. Humo yalibaki meno matatu, nayo hayakutani.

Katika ukoo wao, siku ya posa, baba wa binti ndiye huonja kwanza mbuzi wa wageni. Akishameza, neno lake ndilo neno. Akishindwa, ndugu yake hula kwa niaba yake, na husema kwa niaba yake. Ndugu huyo, Alute, alikuwa keshakaa mkao wa kula. Tena alikuwa ametangaza mpaka sokoni Iguguno kwamba Evodia, binti wa Zefania, akiolewa, chuo cha uuguzi basi.

"Kaka, usijitese bure," Alute alisema. "Wewe kunywa mchuzi, kutafuna niachie mimi."

Watu wakacheka. Wiki nzima Zefania alikuwa amewaza namna ya kuwaficha kwamba hawezi kutafuna. Jana alijaribu kumeza pande zima nyuma ya zizi, likamkaba hadi machozi. Sasa aliona amechoka kuficha.

"Felista," alimwita dada yake, "niletee kibao na visu viwili."

"Visu vya nini tena, kaka?"

"Vya kazi."

Akashuka mkekani, kibao mbele ya magoti. Alikata nyama kwa urefu, akaigeuza, akakata kwa upana. Kisha visu vikaanza kupokezana, hiki juu hiki chini, ta-ta, ta-ta, naye akizikusanya chembe katikati na kuanza upya. Mikono ilikumbuka kabla yake. Ndivyo alivyomkatia Evodia nyama alipokuwa akiota meno, mwaka ule mama wa mtoto alipofariki, na majirani wakachungulia uani kumwona mwanamume akihangaika na kibao. Hakuwajali wale. Hawa ana haja gani nao?

"Hicho chakula cha watoto wachanga!" Alute alifoka. "Wageni watatuonaje?"

"Wataniona nakula."

Mshenga, mzee Melkiori, alikohoa. "Samahani, mila yenu inataka atafune, au ameze?"

"Ameze," Felista alijibu, kabla hajaulizwa yeye.

Zefania hakuinua kichwa. Jasho lilimtiririka puani. Mshipa mmoja ulikataa kukatika. Akaurudisha chini ya kisu, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka ukakubali. Nyama ilipolainika kama ugali wa mgonjwa, akaitia chumvi na mchuzi kidogo, akaila kwa vidole, tonge baada ya tonge. Hakuna aliyethubutu kugusa chakula. Koromeo lilipanda, likashuka.

Akafungua kinywa wazi, akamwonyesha Alute kwanza, kisha wageni.

"Haya," Melkiori alisema, akijiweka sawa kitini. "Tunakusikiliza, mzee."

Zefania akajifuta vidole taratibu, akageukia mlango wa jikoni.

"Evodia! Njoo ukae hapa. Waambie mwenyewe umebakiza miaka mingapi chuoni."