Gilasi ya Mstari wa Dhahabu

Usingizi wa Warigia ulianza kupotea mvua zilipoanza, na kila mtu kwenye ploti yao ya kupanga alikuwa na dawa yake. Jirani wa mlango wa pili alimwambia anywe maziwa ya moto. Mama mboga alimwambia apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi. Mumewe Wahome, mtu mwema ila analala usingizi wa pono, alimwambia afumbe macho tu na usingizi utakuja wenyewe.

Ukweli ni kwamba Warigia hakukosa usingizi. Aliuogopa. Waliishi orofa ya nne ya jumba refu huko Tassia, na tangu mvua zianze alikuwa akisikia ukuta wa chumbani ukitoa mlio mdogo, kama wa mtu anayevunja vidole. Ko. Kisha kimya. Kisha, ukishajiambia kwamba ni mabomba ya maji, ko tena. Mwaka uliotangulia jumba la mtaa wa nyuma lilikuwa limeanguka na watu wakiwa ndani, na Warigia alikuwa miongoni mwa waliosimama pale wakitazama viatu vikitolewa kwenye kifusi kimoja kimoja. Kwa hiyo aliposema ukuta wake unalia, watu walitazamana wakampa pole. Pole ni kitu kizuri, lakini ukipewa pale ulipoomba kusikilizwa inauma kuliko tusi.

Dedan, msimamizi wa ploti, alipanda siku moja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusema ni mzima. Mlango wa chumbani ulipoanza kukataa kufungika, alikuja na randa akaukwangua upande wa chini, ukafungika. Ufa uliochomoza juu ya dirisha aliuziba kwa plasta na kuupaka rangi, tena rangi yenyewe siyo ile ya ukuta. Kila dalili iliyojitokeza, Dedan aliifuta kwa bidii na kwa moyo safi, akashuka zake ngazi akipiga mluzi.

Aliyemfundisha Warigia kupika chai ya usingizi ni Bi Rufaida wa nyumba ya chini. Alikuwa mjane, mtu mzima mwenye goti bovu, aliyezaliwa Pumwani na watu wa Lamu, na alikuwa akiuza viungo na ubani dirishani kwake. Mlangoni alipanda mchaichai na mrehani kwenye makopo ya rangi. Siku moja alimwona Warigia akipita na macho mekundu, akamwita ndani na kumkalisha.

Mafunzo yenyewe hayakuwa marefu. Majani ya mchaichai uyafunge fundo, uyatie kwenye maji pamoja na kishada cha mrehani na hiliki za kuponda. Kungumanga uikune kidogo mno, kwa sababu ukizidisha hutalala, utalewa. Maji yakichemka, zima moto na ufunike. Baada ya hapo usikoroge, usisogeze, wala usifunue kuchungulia.

"Chai ya usingizi inataka kutulia," Bi Rufaida alimwambia. "Na wewe mwanangu, ukiingojea, utatulia nayo."

Mwisho alimpa gilasi moja kutoka seti yake ya harusi, gilasi nyembamba yenye mstari wa dhahabu karibu na mdomo. Alimwonyesha kwa kidole: jaza mpaka hapa, usizidishe. Warigia aliipokea kwa mikono miwili.

Jioni ya kwanza alifuata kila neno. Nyumba ilijaa harufu nzuri, na Kate, mtoto wao wa miaka mitatu, akasema kunanukia sabuni. Warigia alimimina chai mezani, ikapanda taratibu na kugusa mstari wa dhahabu pande zote, sawasawa kama pete. Alikunywa nusu. Baada ya muda kope zikawa nzito, mabega yakalegea, na papo hapo hofu ikamzindua. Akilala yeye, nani atasikia? Wahome hatasikia. Kate hatasikia. Katika jumba lile zima alikuwa yeye peke yake aliyekuwa akisikiliza. Aliinuka, akamwaga iliyobaki kwenye sinki na kunawa uso kwa maji baridi.

Tangu siku hiyo alipika chai kila jioni bila kuinywa. Alipenda kuipika, maana mikono ikiwa na kazi moyo hupungua mbio. Aliimimina mpaka kwenye mstari, akaitazama ilivyotulia, kisha akaimwaga. Bi Rufaida alipomuuliza kama anakunywa, alijibu kwamba anakunywa. Aliona haya kumdanganya mtu mzima aliyemtendea wema, lakini haya haikushinda hofu.

Jioni moja aliona chai imefunika mstari upande wa dirisha, na upande wa mlango mstari umebaki mkavu. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama unene wa ukucha. Alijilaumu kwa kumimina vibaya. Kesho yake ilikuwa vilevile. Akaigeuza gilasi, na bado chai ikaegemea dirishani. Basi akakubaliana na nafsi yake kwamba meza ndiyo mbovu, akakunja kipande cha katoni na kukisukuma chini ya mguu mmoja hadi chai ikakaa sawa. Hakumwambia mtu. Aliyekwisha kuitwa mwenye mawazo hakimbilii kutangaza kwamba chai yake imeinama. Kwa siku chache alitazama mstari ule wa dhahabu ukiwa sawa pande zote, akajishawishi kwamba mambo ni shwari, na ukuta ukazidi kuvunja vidole.

Jumapili hiyo walirudi kanisani mchana, wakala. Wahome akajinyoosha kwenye kochi kusikiliza mpira redioni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na sasa imekatika. Warigia alipika chai mapema kuliko kawaida yake. Aliifunika, akangoja, akaimimina. Upande wa dirisha chai ilikuwa imepita mstari kabisa, inakaribia kumwagika. Upande wa mlango ilikuwa chini ya dhahabu kwa unene wa sarafu. Katoni ilikuwa bado chini ya mguu wa meza, pale pale alipoiweka.

Alishika ukingo wa meza akaita kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua.

"Baba Kate, kuja uone chai."

Wahome alikuja na uso wa mtu aliyetolewa kwenye mpira kwa jambo la kipuuzi. Alitazama, akasema meza imepinda. Kisha akaiona ile katoni na kuuliza nani ameiweka. Warigia alimweleza yote: kwamba mwanzo chai ilikuwa sawa bila katoni, kwamba baadaye ilikuwa sawa kwa katoni, na kwamba sasa hata katoni haisaidii. Alisema huku akitarajia kupewa pole.

Wahome hakutoa pole. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Makadara, na geti likipinda kidogo tu halifungi, kwa hiyo jicho lake lilijua kitu kilichoinama. Aliiweka gilasi sakafuni. Chai ikaegemea dirishani. Akaigeuza. Dirishani. Akaibeba hadi chumbani, kisha hadi mlango wa kutokea, akipiga magoti kila mahali kama anayesali, na kila mahali chai ilikimbilia upande uleule. Aliinua macho, akatazama mlango uliopigwa randa, akatazama plasta ya rangi isiyofanana juu ya dirisha.

"Huu mlango Dedan aliukwangua wapi?" aliuliza polepole.

Warigia alimwonyesha. Wahome akaweka kiganja pale kwenye mbao, na uso wake ukabadilika.

Wiki nyingi Warigia alikuwa ameomba mtu mmoja tu amwamini. Sasa ameaminiwa, na alitamani kwa moyo wote mumewe acheke, amwambie ni mawazo yako mama, kunywa chai ulale. Hofu aliyoibeba peke yake ilikuwa na nafasi ya kuwa uongo. Hofu aliyoiona usoni mwa Wahome haikuwa na nafasi hiyo.

"Vaa viatu," Wahome alisema. "Beba mtoto. Usichukue kitu."

Warigia alichukua kitu: gilasi, na sufuria ya chai. Hakujua kwa nini. Walishuka zile ngazi bila kukimbia, kwa sababu Wahome alisema wasikimbie, na kila kidato Warigia alikihesabia kuwa cha mwisho. Kate aliuliza kama wanaenda dukani.

Bi Rufaida alikuwa kitini kwake akichambua karafuu. Warigia akaweka gilasi sakafuni mbele yake na kuijaza mpaka kwenye mstari, jinsi alivyofundishwa. Mama yule aliinama, akaona chai imeegemea upande mmoja wa gilasi yake ya harusi.

"Kumbe ulikuwa ukiitazama tu, hukuwa unakunywa," alisema.

"Sikuwa nakunywa, mama. Nisamehe."

"Wewe ndiye unisamehe. Kumbe nilikuwa nakulaza."

Wahome alimpa mgongo, akambeba Bi Rufaida hadi ng'ambo ya barabara na goti lake na yote, akampakatisha Kate. Aliporudi alimkuta Dedan mlangoni, amekasirika, akidai kwamba Warigia atamfukuzia wapangaji kwa ndoto zake. Nyuma yake vijana wawili walikuwa wakicheka. Wahome hakugombana naye. Alimkabidhi gilasi na sufuria.

"Dedo, zunguka ploti yote. Ukipata mahali pamoja chai inakaa sawa, mimi mwenyewe nitarudi kulala."

Dedan aliingia kwa mbwembwe. Walimsikia akibisha mlango wa kwanza, wakamsikia akipanda. Warigia alisimama barabarani akizihesabu orofa kwa macho, na kwa mara ya kwanza alimwombea Dedan awe sahihi, yeye aonekane mwendawazimu mbele ya mtaa mzima. Dedan aliporudi alikuwa amekunja mdomo, sufuria tupu. Hapo ndipo ukuta ulipolia. Haikuwa ko ya chumbani. Ilikuwa sauti nzito, kutoka ndani kabisa, na wale vijana wakaacha kucheka. Dedan akageuka akarudi ndani mbio, na safari hii alikuwa akipiga milango kwa ngumi, akiita kila mpangaji kwa jina, orofa hadi orofa. Watu walitoka na watoto mgongoni, mmoja na sufuria ya wali mkononi, mwingine na povu la sabuni kichwani.

Madrasa iko mitaa miwili kutoka pale. Bi Rufaida alizungumza na ustadhi, na kabla ya magharibi vyumba vikafunguliwa kwa akina mama na watoto, wa msikitini na wa kanisani, mikeka ikatandikwa. Wengine walinung'unika kwamba wametolewa kwao bure kwa sababu ya chai. Warigia aliwasikia. Alikuwa ameketi wima, Kate mapajani, masikio yamesimama, akisikiliza ukuta wa madrasa.

Bi Rufaida aliazima jiko na kupika, kwa majani aliyotoka nayo kwenye kitambaa chake. Alimimina kwenye kikombe cha plastiki, akampelekea. Warigia alikishika asikinywe. Wahome alikuwa ameketi kizingitini, viatu miguuni, mgongo kwenye mwimo wa mlango. Alimwona.

"Kunywa," alisema. "Leo mimi ndiye nasikiliza."

Warigia alimtazama kwa makini, kama mtu anayekabidhi mtoto kwa mgeni. Kisha akanywa mpaka chini kabisa, machicha na yote, akalala ubavu na Kate kifuani.

Aliamshwa na kidole cha Kate kikichora kwenye shavu lake. Kulikuwa kumekucha. Mtoto alikuwa na nywele za kijivu kama bibi kizee, na alikuwa akicheka kwa sababu uso wa mama yake ulikuwa na vumbi nene la kutosha kuandikia kwa kidole. Vumbi lilikuwa kwenye mkeka, kwenye kikombe kitupu, kwenye mabuibui yaliyotundikwa ukutani. Nje watu walikuwa wengi na hakuna aliyepaza sauti. Warigia alielewa kabla ya kuuliza.

"Nani alikuwa ndani?"

"Hakuna mtu," Wahome alijibu. Alikuwa palepale kizingitini, viatu miguuni, macho mekundu, vumbi hadi kwenye kope. "Dedan alituhesabu mara mbili. Hakuna mtu."

"Saa ngapi?"

"Kabla tu ya adhana ya alfajiri. Jumba lilikaa chini lote, orofa juu ya orofa. Watoto wote hapa waliamka wakilia."

Warigia alijishika masikio, yale masikio yaliyokesha wiki nyingi yakingojea sauti moja, na sauti ilipokuja hayakuisikia.

"Mbona hukuniamsha?"

"Ulikuwa umelala," Wahome alisema. Kisha akainamisha kichwa kwenye magoti na kulia mbele ya watu wote.