Magoti ya Mama Mkwe

Kinyozi alilivua gari lake nguo wiki nzima. Alibandua vifuniko vya milango, akajaza sponji kila upenyo, akavunja vibanio vya plastiki na kuvitukana vilivyopona. Kazi bure. Gari likigusa shimo tu, kre-kre-kre, kama mtu anatafuna mifupa ndani ya dashibodi.

"Hili nitalichoma moto," alimwambia mkewe.

"Lichome ukishampeleka mama hospitali."

Mama mkwe, mwanamke mrefu mwenye mwili wake, akajikunja kwenye kiti cha mbele. Wakaondoka. Shimo la kwanza, kimya. La pili, kimya. Kinyozi hakuamini masikio yake. Akaanza kuyafuata mashimo kusudi.

"Mkwe wangu, umelewa?"

"Hapana, mama. Shikamoo tena."

Hapo ndipo alipotupa jicho pembeni, akaona. Magoti ya mama mkwe yalikuwa yamekibana kifuniko cha droo ya dashibodi. Kumbe adui alikuwa pale pale, mahali pekee ambapo hakupekua! Mkono ulimwasha akikamate kile kifuniko. Lakini ni mwanaume gani mwenye akili zake atakayepeleka mkono kwenye magoti ya mama mkwe? Akabaki kukodoa macho.

"Unaangalia nini?" mama akafoka, akalivuta gauni lake na kurudisha miguu nyuma.

Kre-kre-kre.

"Na gari lenyewe kelele tupu! Wiki nzima mwanangu ananiambia unalitengeneza. Ulikuwa unatengeneza nini?"