Nauli Kutoka kwa Marehemu

Tharsisi alituma nauli Kibondo mchana, akakaa kibarazani kungoja asante. Simu ilipolia haikuleta asante.

"Baba Fidele, huyu Esteri Nduwayezu aliyenitumia hela ni nani?"

"Ni marehemu mke wangu," Tharsisi akajibu.

"Ehee! Marehemu wa Kasulu wanatuma na nauli?"

Aliyeuliza ni Ange, mjane muuza dagaa aliyempata redioni, kwenye kipindi cha wanaotafuta wenza. Miezi miwili walikuwa wakiulizana "umekula?", "umeamkaje?" kama vijana, na sasa alikuwa ameahidi kuja Jumamosi kuiona nyumba.

Tharsisi akaeleza kwa hasira. Mwaka wa kusajili laini, mashine ilivikataa vidole vyake vilivyolika kwa jembe. Wakubwa wakamwambia nenda, rudi, nenda, rudi, hadi Esteri akamsajilia kwa jina lake. Esteri kafa, laini ipo hai. "Kosa lao hilo, si langu!"

Ange alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Sikiliza. Nimeshapata wagane wawili wa redioni. Wote wawili, wake zao walinipigia wenyewe kunisalimia. Washa video unionyeshe kaburi, la sivyo siji."

Hilo tu? Tharsisi alizunguka jiko karibu akimbie. Ushahidi anao, hatua thelathini tu. Akainua simu juu.

"Ona. Huyo hapo."

"Kaburi silioni. Naona shamba."

Ndipo naye akaona. Kila siku alipita pale asione. Maharage ya kutambaa yalikuwa yameupanda msalaba, yameikumbatia mikono yake yote miwili, maganda mabichi yananing'inia palipoandikwa jina. Aliyapanda mwenyewe. Miti ya kuyaegemeza ilikuwa shida kupatikana, akaona ule msalaba umesimama tu.

"Mana yanje, Mungu wangu," Ange akanong'ona. "Ana muda gani hapo?"

"Miaka mitatu. Nilikuwa nangoja saruji, mama. Mwenyekiti wetu alituahidi, na hawa viongozi ukiwategemea..."

"Na maharage kayapanda mwenyekiti?"

Masikio ya Tharsisi yalipata moto. Alitafuta mtu wa kumtupia lawama ile, wa kijijini, wa wilayani, hata wa redioni, asimpate. Akaishusha simu ili Ange asimwone uso, ikabaki inaonyesha ndala zake zimekanyaga juu ya kaburi. Akarudi nyuma haraka, amechelewa.

"Jumamosi siji, Baba Fidele," Ange akasema, sasa kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza. "Mimi ningekufa ungenipandia nini? Mihogo?"

Simu ikakatika.

Tharsisi akapiga magoti, akaanza kufungua mashina yale kwa vidole, moja moja. Sylvesta, jirani yake, akapita njiani akisukuma baiskeli.

"Mzee, unang'oa maharage hayajakomaa! Nani kakutuma?"

"Hakuna," akajibu bila kugeuka. "Niliyapanda pabaya."