Ukurasa Unaovuja

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kwenye karakana ya kujalidi vitabu, binti alimimina chai vikombe viwili, akaweka kimoja mkono wa kulia wa baba yake, mbali kidogo na Biblia. Baba alivaa miwani, akalamba kidole, akaanza kufunua. Jumatano hiyo, alipofika Mathayo sura ya tatu, ukurasa ukaanza kuvuja. Maji safi, ya baridi, yalifuata ukingo wa meza yakashuka sakafuni. Baba akasogeza kikombe. Binti akaleta beseni.

Nyayo za miguu mitupu, iliyolowa, zikajichora kwenye saruji kutoka mezani hadi dirishani. Njiwa akatua juu ya kabati la vyombo. Kisha sauti, kutoka juu kidogo ya taa, ikasema kwamba huyo ni mwanawe mpendwa na kwamba amependezwa naye, ikanyamaza. Kwa mazoea ya kazi, binti alikagua mgongo wa kitabu. Gundi haikulegea, na uzi ulikuwa mkavu.

"Wamekuja wote," baba akasema, akanywa chai yake.

Alikuwa akiwatafuta kwa miezi mitatu. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha darasa la kipaimara, hadi mwenyekiti wa kamati ya kanisa, mwenye duka la vioo, alipomtaka kikaoni aonyeshe Utatu uko wapi katika Biblia. Baba alisimama, akataja mahali baada ya mahali bila kufungua kitabu: ubatizo mtoni, agizo la kubatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho, baraka ya Paulo mwishoni mwa waraka wa pili kwa Wakorintho, Mwana anayeahidi kumwomba Baba alete Msaidizi. Alikwenda taratibu, kama mtu anayemtandikia mgonjwa kitanda. Hakuuvuta mstari wowote useme usichosema. Binti, aliyekuwa katibu wa kamati, hakuwahi kusikia kitu kizuri namna hiyo. Alipoinua kalamu, mwenyekiti akamwambia aandike kwa kifupi tu, na akamtajia la kuandika. Akaandika: Mwalimu ameshindwa kuonyesha.

Jumamosi iliyofuata darasa lilichukuliwa na mkwe wa mwenyekiti.

Kumbukumbu za kikao ziliposomwa, baba alisikiliza, akaziamini. Alisema huo ni uzee, maneno yanapotea kabla hayajafika mdomoni, na kwamba bila shaka alidhani ametaja na kumbe hakutaja. Tangu hapo akawa anapekua upya kila asubuhi, Mwanzo hadi Ufunuo, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mifuko ileile. Binti alimimina chai. Mara nyingi alifungua mdomo, akaishia kuuliza kama sukari imetosha.

Maji hayakukatika, na kila asubuhi nyayo na sauti vilirudi. Jirani alikuja na ndoo kuomba ya kufulia, akasifu kwamba hayali sabuni. Njiwa alizoea makombo. Watu wa nyumba ya nyuma waliomba redio ile ya asubuhi ipunguzwe kidogo.

Wiki ilipotimia, baba alimwita mwenyekiti. Alikuja asubuhi, akapandisha suruali, akavuka dimbwi.

"Mzee, hapa fungua kisima," akasema. "Walimu mna bahati."

Alisubiri hadi nyayo zikapita, njiwa akatua na sauti ikasema. Akaitikia amina kwa heshima, kisha akainamia ukurasa, akafuata mistari kwa kidole.

"Maji nimeyaona. Ndege nimemwona. Sauti nayo haina tatizo. Neno Utatu liko wapi?"

"Neno halimo," baba akasema. "Wenyewe wamo."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huruma. Akamwambia katibu aandike kwamba kamati imefika, imeona maji, njiwa na nyayo, imesikia sauti, neno halikuonekana, na uamuzi unabaki palepale. Mkwe wake ataendelea. Mkwe huyo alifundisha Utatu uleule kila Jumamosi, na hakuna aliyewahi kumuuliza uko wapi. Binti akaandika yote. Mwenyekiti akatia sahihi, akaomba kitambaa cha kufutia viatu, akaaga.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Si kosa lao, mama," akamwambia binti yake. "Siku ile ningeonyesha vizuri, tusingefika huku. Kichwa changu hiki."

Alilamba kidole, akarudi Mwanzo sura ya kwanza. Binti akaweka mkono wake juu ya ukurasa.

"Baba, kichwa chako ni kizima. Siku ile ulitaja yote, moja baada ya jingine, nami nilisikia. Mimi ndiye niliyeandika kwamba hukuonyesha."